Mzee wa Ayalandi Aliyenifanya Nifute Vidio Yangu

Wengi wenu mlinijua kupitia vidio moja tu. Ile nimesimama mbele ya geti la chuo, begi mgongoni, nikasema nimeacha digrii nikiwa mwaka wa pili na sijutii hata kidogo. Nikasema darasa ni jela na simu yako ndiyo ofisi. Ilikuwa ya sekunde 58. Hakuna kitu kingine nimewahi kuposti kikatazamwa hivyo, kabla yake au baada yake.

Wiki iliyopita niliifuta. Tangu siku hiyo inbox imejaa maswali. Umetishwa? Umelipwa? Umerudi shule? Hapana, hapana, na hapana. Nimeifuta kwa sababu ya watu wawili. Wa kwanza ni kijana aliyenitumia ujumbe. Wa pili ni mzee wa Ayalandi anayeitwa Val Doonican, mwimbaji, ambaye alifariki mwaka wa 2015 bila kujua kama mimi niko duniani.

Kaeni kitako. Hii ya leo si ya sekunde 58.

Nianze na kijana. Yuko mwaka wa kwanza, chuo fulani, jina lake nitaliweka moyoni. Aliandika hivi: "Bro, nimefanya kama wewe. Nimeacha. Mathe hajajua bado. Sasa naanzia wapi?"

Niliusoma nikiwa kwenye matatu, kwa M-Pesa niko na shilingi 340, na hiyo ndiyo ilikuwa ofisi yangu yote niliyomwambia aje aripoti kazini. Sikumjibu. Nilizima skrini nikaangalia nje kama mtu ambaye hajaandikiwa.

Jumapili ile nikaenda kwa guka. Guka wangu ni kama maguka wengi wa Kenya, Jumapili yake ikikosa Jim Reeves haijakamilika. Redio yake iliharibika, kwa hivyo nikifika mimi ndio redio. Nikamwekea Jim Reeves kwa simu, tukakaa hapo nje, yeye na chai yake, mimi na mawazo yangu. Nyimbo zikaisha na YouTube, kama kawaida yake, ikajichagulia kinachofuata. Akatokea jamaa amevaa sweta, amekaa kwenye kiti cha kubembea, gitaa mapajani. Anaimba kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua. Hakuna kurukaruka, hakuna moshi, hakuna taa za rangi kumi.

Mimi nikataka kuruka. Guka akaniambia, "Wacha huyo. Huyu hana haraka."

Manze, hayo maneno yalinikaa. Mimi kazi yangu yote ni haraka. Sekunde 3 za kwanza kama sijakushika, umeshapita. Usiku huo nikakaa na bando langu nikamtafuta huyu mtu asiye na haraka. Nilichopata ndicho kilinikosesha usingizi.

Alizaliwa Februari 3, 1927, katika mji wa bandari wa Waterford, kusini mashariki mwa Ayalandi. Jina lake kamili ni Michael Valentine Doonican. Walikuwa watoto 8 na yeye ndiye kitinda mimba. Nyumba haikuwa na pesa. Mwaka wa 1941 baba yake akafa kwa saratani. Kijana akiwa na miaka 14 akaacha shule, akaenda kufanya kazi kiwandani. Alifanya kazi za chuma, na pia alitengeneza masanduku ya kupakia machungwa na balungi.

Nikiwa hapo nikasimama kwanza. Kwa sababu mimi najua vile hii hadithi ingesimuliwa huku kwetu. "Aliacha shule akiwa 14, akawa tajiri, shule ni ya nini?" Tungeiwekea muziki wa kusisimua na picha ya gari. Mimi mwenyewe ningeitengeneza, na ningeitengeneza vizuri.

Lakini soma tena. Huyu hakuacha shule kwa sababu alikuwa na maono. Hakusimama mbele ya geti kuambia wenzake kwamba darasa ni jela. Baba alikufa, nyumba ikataka mkono mwingine, na mkono huo ulikuwa wake. Kuacha shule halikuwa wazo lake la biashara. Ulikuwa msiba, na baada ya msiba mtu anaamka anaenda kazini.

Sasa tuendelee, kwa sababu hapa ndipo watu wa motisha huruka.

Muziki aliuanza hapo hapo nyumbani, akicheza na rafiki yake Bruce Clarke. Kazi yao ya kwanza ya kulipwa waliipata mwaka wa 1947. Wakaimba kwenye miji ya pwani ambako watu huenda likizo wakati wa kiangazi, wakasikika kwenye redio ya Ayalandi. Kuna wakati hata alipiga ngoma kwenye bendi iliyokuwa ikizunguka nchi. Ngoma, wasee. Mtu ambaye baadaye angejulikana kwa utulivu alikuwa amekaa nyuma kabisa, ambapo hakuna anayekuangalia.

Mwaka wa 1951 akavuka bahari kwenda Uingereza kujiunga na kundi la The Four Ramblers. Wanaume wanne, jina moja. Walizunguka wakiimba, na waliimba kwenye vipindi vya redio ya BBC vilivyorushwa moja kwa moja kutoka viwandani. Siku hizo BBC ilikuwa na vipindi vya namna hiyo. Maarufu zaidi kiliitwa Workers' Playtime na kilianza mwaka wa 1941, wakati wa vita, kuwapa moyo wafanyakazi. Wasanii wanaenda kwenye kantini ya kiwanda wakati wa chakula cha mchana, wanaimba, nchi nzima inasikiliza.

Hebu piga hiyo picha. Mtu aliyeacha shule kwenda kutengeneza masanduku kiwandani, sasa amerudi kiwandani, lakini na gitaa. Anawaimbia watu wenye mikono michafu wanaokula mkate kwa dakika chache kabla kengele ilie. Na mimi nafikiri, ingawa hakuna mahali nimemsoma akisema hivyo, kwamba ile sauti ya kuongea na jirani alijifunzia hapo. Huwezi kumpigia kelele mtu ambaye ametoka kwenye mashine ya kelele tangu asubuhi. Unamwimbia polepole. Unamwambia, pumzika, niko hapa.

Kwenye ziara moja kundi lao lilikuwa likimsindikiza nyota anayeitwa Anthony Newley. Katika ziara hiyo akakutana na mwimbaji Lynnette Rae, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake, wakaoana mwaka wa 1962. Na ni Newley aliyemwambia, toka kwenye kundi, simama peke yako. Akaenda BBC kujaribiwa sauti kama msanii wa peke yake, akapita, na baada ya muda akapewa kipindi chake mwenyewe cha redio. Si televisheni. Redio, ambako hakuna anayeona sweta yako wala tabasamu lako. Kuna sauti tu na ile namna unavyoongea kati ya wimbo mmoja na mwingine.

Na bado hakuwa staa. Alikuwa mtu wa kazi. Kipindi leo, ukumbi mdogo kesho.

Kisha ikaja mwaka wa 1964. Akaalikwa kwenye Sunday Night at the London Palladium, kipindi cha Jumapili usiku ambacho Uingereza yote ilikuwa ikikitazama. Alipewa dakika chache. Akaimba vile vile alivyokuwa akiimba siku zote. Baada ya hapo BBC ikampa kipindi chake cha televisheni, na mwaka huo huo wimbo wake wa Walk Tall ukafika nambari 3 Uingereza. Alikuwa na miaka 37.

Piga hesabu. Kuanzia kazi ya kwanza ya kulipwa mwaka wa 1947 mpaka hiyo Jumapili, ni miaka 17. Mwenyewe alipenda kutania kwamba ilimchukua miaka 17 kuwa staa wa usiku mmoja.

Mimi nina miaka 3 kwenye kontenti na tayari nimeshalalamika hadharani mara 4 kwamba algorithimu inanionea.

Kipindi chake cha televisheni kiliendelea, kwa sura mbalimbali, mpaka mwaka wa 1986. Zaidi ya miaka 20. Alialika wageni, akaongea nao, akaimba nyimbo za kuchekesha za Kiayalandi na nyimbo za taratibu, na mwishoni akakaa kwenye kile kiti cha kubembea na gitaa. Wachekeshaji walimtania kwa masweta yake. Vijana wa wakati ule waliona ni muziki wa mama zao. Na kusema ukweli, ulikuwa muziki wa mama zao. Hakuficha.

Kuna hii moja lazima niwape. Mwaka wa 1967 ndio mwaka wa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya The Beatles. Hata kama hujui muziki wa wazungu, umeisikia. Dunia nzima ilikuwa ikitaka kuwa kama The Beatles, nywele, rangi, kila kitu. Mwisho wa mwaka huo albamu iliyoitoa hiyo ya The Beatles kwenye nambari 1 Uingereza ilikuwa ya mzee wa sweta. Jina lake ni Val Doonican Rocks, But Gently. Yaani, anaroki, lakini taratibu. Alijichekea mwenyewe kwenye jalada kabla hujamcheka, kisha akakaa kileleni.

Sisemi kwamba ni mkubwa kuliko The Beatles. Guka wangu pekee ndiye anaweza kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba wakati kila mtu anakimbilia upande mmoja, huwa kuna watu wengi wamebaki nyumbani, wamechoka, wanataka mtu wa kuwaimbia bila kuwapigia kelele. Hao watu hawaposti na hawapigi kelele, lakini wapo, na wanakumbuka ni nani aliwaheshimu.

Aliendelea kupanda jukwaani mpaka akastaafu mwaka wa 2009, akiwa na miaka zaidi ya 80. Mwaka wa 2011 mji wake wa Waterford ukamrudisha nyumbani na kumpa heshima yake kubwa kabisa, uhuru wa mji. Yule kitinda mimba wa nyumba isiyo na pesa, aliyetoka kwenye masanduku ya machungwa. Alifariki Julai 1, 2015, akiwa na miaka 88.

Sawa. Sasa turudi getini.

Nilichowaambia kwenye ile vidio si kweli. Sikuacha chuo kwa sababu ya maono. Kuna karo nilikuwa nadaiwa. Mathe wangu, ambaye anauza mboga, alikopa kwenye chama akanitumia shilingi 18,000. Haikutosha kumaliza deni, lakini ingetosha kuniweka kwenye foleni ya kuongea na watu wa fedha na kuomba muda. Mimi nikajiambia, si hata hivyo haitoshi? Nikanunua simu. Hii simu ninayoandikia.

Mitihani ikafika. Bila kulipa hupati kadi ya mtihani, na bila kadi hukai. Nikakaa hosteli siku tatu nikijifanya mgonjwa. Siku ya nne nikapakia shuka kwenye begi, nikatoka, nikasimama pale geti na simu yangu mpya, nikawaambia darasa ni jela. Begi mliloliona mgongoni halikuwa la safari ya ndoto. Lilikuwa na shuka na sufuria moja.

Watu wengi mkaniandikia kwamba nina ujasiri. Na mimi nikaanza kuamini. Hiyo ndiyo hatari ya kazi yetu. Ukisema uongo kwa sekunde 58 na watu wakaupenda, unaanza kuishi ndani yake, unalipia kodi huko.

Kama ningekuwa nimeacha kama Doonican, kwa sababu nyumba imeanguka na mimi ndiye nguzo iliyobaki, ningetembea kichwa juu. Kuna wasee wengi hapa wameacha shule hivyo, na nawavulia kofia. Mdogo wako analala njaa, unaenda mjengo, hakuna wa kukuhukumu. Lakini hata hao hawaendi kuambia wengine waache. Mtu aliyekatwa mguu hawezi kukuuzia wazo kwamba mguu ni mzigo.

Na hata ukiacha kwa sababu nzuri, bado kuna ile miaka 17. Hapo ndipo niliwadanganya zaidi. Niliwaonyesha mlango, sikuwaonyesha barabara. Sikuwaambia kuhusu siku ninazokula chapati moja na maharagwe saa kumi ili ihesabike kama chakula cha mchana na cha jioni. Sikuwaambia kwamba kampuni moja ilinilipa kwa fulana. Sikuwaambia kwamba usiku mwingine najiuliza kama darasa lilikuwa jela kweli, ama mimi ndiye niliogopa foleni ya watu wa fedha.

Jumatano nilienda kwa mathe. Nilifika akiwa anachambua sukuma, nikaketi kwenye kreti, nikamwambia yote. Zile 18,000. Simu. Ugonjwa wa uongo. Alinyamaza, akaendelea kukata sukuma, ile staili yake ya kukata nyembamba bila hata kuangalia kisu. Kisha akasema:

"Nilijua. Simu mpya, karo ina deni. Unadhani mimi sijui kutoa?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Nimengoja miaka miwili. Shika hiyo beseni."

Nikashika beseni. Hatukukumbatiana, hatukulia, kama mnavyotaka niwaambie. Tulichambua sukuma mpaka ikaisha. Nilipoondoka akaniambia chama alishamaliza kukilipa mwaka jana, lakini yeye bado hajalipwa. Tumekubaliana shilingi 500 kila Ijumaa. Ijumaa ya kwanza imeshapita, na nimelipa.

Yule kijana pia nimemjibu. Nilimwambia kwamba mtu aliyemfuata hakuwa anaenda mahali. Nikamwambia aulize kama bado anaweza kurudi kabla usajili haujafungwa, na kama ni pesa inayomsumbua, aende aongee na watu, apige hiyo foleni ambayo mimi niliikimbia. Nikamwambia amwambie mathe wake leo, kwa sababu mamathe huwa wanajua. Na kama akiangalia vizuri akaona kweli hawezi kurudi, basi ajue anaanza mwaka wa kwanza kati ya miaka 17, atafute kazi ya masanduku ya kumlisha huku akijifunza kupiga gitaa lake, chochote kile gitaa hilo litakuwa.

Ameona ujumbe. Hajajibu. Sina hasira, hata mimi nilimnyamazia kwanza.

Mimi sirudi chuo mwezi huu, msiniulize. Kuna deni la huko na kuna deni la mathe, na la mathe ndilo la kwanza. Kontenti nitaendelea nayo. Lakini mtaona mabadiliko, na wengine mtaboeka. Nitakuwa nikiongea polepole. Nitakuwa nikiongea kwa zaidi ya sekunde 58. Nimefikiria hata kutafuta kiti cha kubembea, fundi wa hapa mtaani ameniambia 4,500, nikamwambia ngoja kwanza.

Jumapili narudi kwa guka. Ameuliza kama yule mtu asiye na haraka ana nyimbo zingine. Nimemwambia ziko nyingi, za miaka mingi, na bando nimenunua la kutosha.